Kinga Inapohitaji Kudhibitiwa: Istilahi za Seli-T na Magonjwa ya Baridi Yabisi

Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Tiba imekwenda kwa wataalamu watatu, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, pamoja na Shimon Sakaguchi wa Japani, kwa uvumbuzi wao juu ya namna mwili unavyoizuia kinga yake isiudhuru mwili wenyewe. Habari kama hiyo, japokuwa ni fupi, humtia mfasiri wa Kiswahili katika taabu isiyolingana na urefu wake. Ndani ya sentensi mbili tatu hukutana na seli zisizo na jina lililozoeleka, na magonjwa ambayo majina yake yamechanganyika, na neno kinga, ambalo katika nchi zetu limekwisha kushikamana na ugonjwa mmoja mno. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwanza jambo lenyewe, maana istilahi isiyotanguliwa na maelezo ni kama karatasi iliyobandikwa juu ya chupa ambayo hapana ajuaye kilichomo. Baadaye tutapendekeza majina na kutoa sababu za kila moja.

Tuanze na kinga. Kukinga ni kuweka kitu mbele ya kingine kinachokuja: mtu hukinga mkono asipigwe usoni, na wakati wa mvua hukinga ndoo chini ya mchirizi wa paa. Kutokana na asili hiyo, msikilizaji wa kawaida huielewa kinga ya mwili kuwa ni kitu mfano wa ngao au ukuta, na ukuta kadiri uwavyo mnene ndivyo uwavyo bora. Hakuna mtu alalamikaye kwamba ukuta wa nyumba yake ni imara kupita kiasi. Lakini kinga aielezayo mwanasayansi haifanani na ukuta. Ni jamii kubwa ya seli zinazotembea, zinazotambua, zinazopelekeana habari na zinazoua, na jamii ya namna hiyo yaweza kukosea shabaha.

Fahamu hiyo ya ukuta ilitiliwa nguvu tangu miaka ya 1980 na jina la UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa upande wa lugha jina hilo lilifaulu sana: ni fupi, linatamkika, na linaeleza ugonjwa ulivyo. Hata hivyo kufaulu kwake kumeacha deni. Maneno kinga na upungufu yamekuwa kama mapacha, na kipimo cha CD4, ambacho wagonjwa wengi wa Afrika ya Mashariki wamejifunza kukitaja kwa herufi zake, kimejulikana kuwa ni kipimo cha kinga kupanda au kushuka. Kupanda ni heri, kushuka ni shari.

Sasa na tumchukulie mwanamke mwenye ugonjwa wa baridi yabisi, ambaye kila asubuhi vidole vyake huamka vimekakamaa na kuvimba. Akiambiwa kwamba ana ugonjwa wa kinga, yamkini atatoka mlangoni akidhani amepewa habari nyingine kabisa. Asipodhani hivyo, ataona ni busara kununua dawa za kuongeza kinga zinazouzwa kila pembe ya mji, ilhali shida yake ni kinga iliyozidi ukali. Na akisoma katika karatasi ya dawa kwamba methotreksati hushusha kinga, huenda akaiacha, na baada ya miaka michache gegedu na mifupa ya viungo vyake ikawa imeliwa kiasi kisichoweza kurudishwa. Mgonjwa wa lupasi akifanya hivyo anaweza kupoteza figo zake. Basi suala la neno lipi litumike haliishii katika meza ya mfasiri.

Tueleze basi mambo yalivyo. Seli-T ni aina ya chembe nyeupe za damu. Chimbuko lake ni uboho wa mifupa, na kukomaa kwake hufanyika katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, iitwayo thaimasi. Herufi T imetokana na jina la tezi hiyo, nayo hatuoni sababu ya kuibadilisha. Katika thaimasi kila seli hujaribiwa. Ile inayoonyesha kuzishika kwa nguvu mno protini za mwili wenyewe aghalabu huuawa humo humo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba jaribio hilo ndilo kinga pekee dhidi ya kinga, lakini jaribio halikamati zote. Kila mtu mzima mwenye afya njema anazo katika damu yake seli zenye uwezo wa kuushambulia mwili wake. Swali linalofuata ni kwa nini wengi wetu hatuugui.

Fununu ya jibu ilipatikana Japani mwaka 1969, wakati Nishizuka na Sakakura walipotoa taarifa juu ya panya walioondolewa thaimasi siku ya 3 baada ya kuzaliwa. Ingetazamiwa kwamba panya hao wangekuwa na kinga hafifu tu. Badala yake ovari zao ziliharibika. Jambo hilo lilimshughulisha Sakaguchi kwa miaka mingi, na mwaka 1995 yeye na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa seli-T zenye alama ya CD4 limo kundi dogo lenye alama nyingine pia, CD25, ambalo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine. Panya waliopewa seli-T zilizoondolewa kundi hilo waliugua magonjwa ya mwili kujishambulia. Waliporudishiwa kundi hilo mapema, walisalimika. Mwaka 2001 Brunkow na Ramsdell, wakichunguza panya wa ukoo fulani ambao madume wao huzaliwa na ngozi ya magamba na kufa wangali wachanga, waligundua hitilafu katika jeni iliyokuja kuitwa FOXP3. Mwaka huo huo ilidhihirika kwamba watoto wa kiume wenye hitilafu katika jeni hiyo hupatwa na ugonjwa mzito unaoshambulia matumbo, ngozi na tezi zao. Kufikia mwaka 2003 mambo hayo mawili yaliunganishwa: FOXP3 ndiyo jeni inayozifanya seli zile ziwe kama zilivyo. Kwa mtu mzima ni kadiri ya asilimia 5 hadi 10 ya seli zake za CD4. Mfasiri azingatie jambo hili: hesabu ya CD4 ambayo umma umezoea kuiona kuwa ni hesabu ya askari, ndani yake wamo pia wale wawazuiao askari.

Seli hizo ziitweje? Hapa kuna historia ambayo wanaistilahi wangefaidika kuijua. Mwaka 1970, huko Marekani, Gershon na Kondo walieleza kwamba baadhi ya seli-T huzuia kazi ya kinga, na kwa zaidi ya miaka kumi maabara nyingi ziliziandikia seli hizo kwa jina lenye maana ya kukandamiza. Kisha katika miaka ya 1980 jeni iliyosadikiwa kuwa ndiyo alama yake ilitafutwa mahali ilipodaiwa kuwapo, isipatikane. Nadharia nzima ikaanguka, na jina likaanguka pamoja nayo, hata ikawa aibu kulitaja mbele ya wataalamu. Wazo liliporudi katika miaka ya 1990 lilirudi na jina jipya, lenye maana ya kusimamia na kurekebisha. Kwa hiyo mfasiri anayeandika leo seli kandamizi hakosei maana tu. Anafufua jina ambalo wenyewe walilizika.

Tumekutana na mapendekezo kadhaa. Seli tulizi ni jina la kupendeza, nalo lafaa kwa kuwaeleza wagonjwa na watoto wa shule, lakini linafanana mno na dawa ya kutuliza maumivu, na seli hizi hazihusiani na maumivu moja kwa moja. Seli ratibu haifai, maana kuratibu ni kupanga kazi za wengi ziende pamoja, na jambo hilo hufanywa na seli-T nyingine, zile zisaidizi. Seli suluhishi imebeba dhana ya pande mbili zenye ugomvi, ambapo hapa upande mmoja ndio mkosaji. Sisi tunaelekea kwenye mzizi wa dhibiti. Watumishi wa serikali wanaujua vizuri: tunayo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, tunayo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, wala hakuna afikiriye kwamba kazi ya mamlaka hizo ni kukomesha umeme au kuondoa mabasi barabarani. Abiria naye anakijua kidhibiti mwendo. Chombo hicho hakisimamishi gari. Hulizuia lisipite kasi iliyowekwa, na kikiharibika gari laenda bado, tena laenda vizuri mno, mpaka kona ya kwanza. Hatujapata mfano uliokaribia zaidi ya huo.

Limebaki umbo. Wapo waandikao seli-T dhibiti, kwa kufuata mtindo wa siku hizi wa kuchukua kitenzi kitupu na kukigeuza kivumishi. Mtindo huo una ufupi wake, lakini unamwachia msomaji kubahatisha kama seli ndizo zinazodhibiti au ndizo zilizodhibitiwa, na katika taaluma hii tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Tunapendekeza seli-T za udhibiti. Katika majedwali na michoro, ambamo nafasi ni haba, dhibiti peke yake yaweza kuvumiliwa, mradi jina kamili limetangulia.

Jina la magonjwa yenyewe ni gumu zaidi. Magonjwa ya kingamwili yameenea katika magazeti, nasi tungependa yaachwe, kwa kuwa kingamwili imekwisha kutumika kwa protini zile ambazo mwili huzitoa ili zishikamane na vijidudu. Neno moja likibeba protini na ugonjwa, sentensi kama hii, kwamba wagonjwa wa lupasi wana kingamwili nyingi dhidi ya DNA yao, haitaeleweka. Kinga nafsi ni mbaya zaidi, maana humaanisha mtu kujilinda, kinyume kabisa cha kinachokusudiwa. Lugha yetu inacho kiambishi -ji-, ambacho hufanya kazi hii kwa silabi moja, na ni ajabu kwamba wafasiri hukisahau. Mwili hujishambulia. Tunasema magonjwa ya mwili kujishambulia. Mtendaji na mtendwa wamo pamoja, na neno kinga, lenye mzigo tuliouona, limewekwa kando mpaka litakapohitajiwa. Jina ni refu kidogo, lakini halimdanganyi mtu.

Na hali ile ya mwili kutoishambulia nafsi yake iitwe ustahimilivu wa kinga. Uvumilivu haufai, kwa sababu mvumilivu ni yule anayeumia akanyamaza, na seli yenye ustahimilivu haiumii. Ustahimilivu ujengwao ndani ya thaimasi tutauita wa kiini. Ule uendeshwao na seli-T za udhibiti huko nje katika damu na viungo, ambao ndio uliotunukiwa Nobel, tutauita wa pembezoni.

Twende kwenye baridi yabisi, neno ambalo mwenye kupenda historia ya lugha angeweza kulikalia siku nzima. Yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya ukavu. Baridi na ukavu ni tabia mbili kati ya nne ambazo tabibu wa kale, tangu Wayunani hadi waganga wa Kiarabu, walizipima kwa kila mgonjwa na kila chakula, joto, baridi, unyevu na ukavu, na jina letu limehifadhi uaguzi wa zama hizo. Ajabu ni kwamba jina la Kizungu la magonjwa hayo hayo limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mtiririko, kwa kudhaniwa kwamba maji maji mabaya huteremka viungoni. Mmoja aliona maji, mwingine akaona ukavu. Wote wawili walikosea sababu, na majina yote mawili yamedumu. Hatuna haja ya kulibadili baridi yabisi, kwa kuwa wananchi wanalo tayari. Litumike kwa ule ugonjwa wa viungo unaotokana na mwili kujishambulia, na jina la jumla la kundi zima, pamoja na lupasi na skleroderma, liwe magonjwa ya jamii ya baridi yabisi. Maumivu ya magoti ya uzee yatokanayo na kulika kwa gegedu yawe nje ya jina hili, na jongo libaki kwa ugonjwa wa chumvi za asidi ya mkojo viungoni. Homa ya baridi yabisi, inayowapata watoto baada ya kuumwa koo na kuacha athari katika vali za moyo, nayo hutokana na kinga kukosea shabaha, ila chanzo chake ni bakteria na huzuiwa kwa penisilini. Mwandishi asiruke neno homa, maana matibabu ni mbali mbali.

Sasa seli-T za udhibiti hufanya nini, au hushindwa kufanya nini, katika magonjwa haya? Hapa ndipo tafsiri nyingi hupotoka, kwa kuandika kwamba ugonjwa hutokana na upungufu wa seli za udhibiti, kisha kuendelea. Lau ingekuwa hivyo jambo lingekuwa jepesi. Wachunguzi waliochota maji ya ndani ya viungo vilivyovimba vya wagonjwa wa baridi yabisi walikuta seli hizo humo kwa wingi kuliko katika damu ya wagonjwa hao hao. Zilikuwapo, na moto ukaendelea. Mwaka 2004 Ehrenstein na wenzake wa London walionyesha kwamba seli-T za udhibiti za wagonjwa hao zilishindwa kuzizuia seli nyingine zisitoe kemikali za kuchochea uvimbe, na kwamba baada ya kutibiwa kwa dawa iizimayo protini ya TNF, uwezo huo ulirudi. Tena imeonekana kwamba katika viungo vilivyovimba zile seli zinazoshambulia zenyewe huweza kuwa sugu, zisisikie amri hata ikitolewa na seli zenye afya. Katika lupasi hali ni nyingine tena. Seli za udhibiti haziwezi kuishi bila intalukini-2, protini ambayo hazijitengenezei bali huipata kwa jirani zao, na seli-T za wagonjwa wa lupasi huitoa kwa uchache.

Kwa hiyo tunayo mambo matatu, na Kiswahili kinayo maneno matatu yaliyo tayari: uchache, pale ambapo seli hazitoshi kwa idadi, udhaifu, pale ambapo zipo lakini hazina nguvu, na ukaidi, pale ambapo wanaodhibitiwa hawasikii. Mfasiri ajiulize kila mara ni lipi kati ya hayo asemalo mwandishi. Upungufu lina mapana ya kuyameza yote matatu, na kwa sababu ya jina la UKIMWI litamrudisha msomaji pale pale tulipomtoa.

Neno moja zaidi kuhusu uvimbe. Katika hospitali neno hili hutumika kwa kiungo kilichofura kwa joto na maumivu, na pia kwa nyama iliyoota, pengine ya saratani. Kwa maana ya kwanza tunapendekeza mwako. Lugha tayari imeweka jirani hapo, kwa kuwa liko neno kinga la pili, la ngeli nyingine, lenye maana ya kipande cha kuni kinachowaka, nalo limo katika methali isemayo kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hatudai kwamba maneno hayo mawili yana asili moja. Lakini mwalimu wa sekondari anayetafuta namna ya kuwafanya wanafunzi wakumbuke kwamba kinga yaweza kuunguza, hakika hatapata njia fupi kuliko hiyo.

Tumalizie kwa dawa. Intalukini-2 iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo, na huko ilitolewa kwa dozi kubwa ili kuichochea kinga. Dawa hiyo hiyo kwa dozi ndogo huzilisha kwanza seli-T za udhibiti, kwa sababu CD25 waliyoiona akina Sakaguchi ni sehemu ya kipokezi cha intalukini-2, na seli hizo huikamata hata ikiwa kidogo sana. Majaribio kwa wagonjwa wa lupasi yaliyofanywa China na kuchapishwa mwaka 2016 yalionyesha seli za udhibiti zikiongezeka na dalili za ugonjwa zikipungua. Ikiwa kitu kimoja huchochea kwa kipimo hiki na kutuliza kwa kipimo kile, basi mtu asiandike dawa ya kuchochea kinga kana kwamba hilo ndilo jina lake. Ataje dawa, ataje dozi.

Kuhusu zile zinazotumika kila siku, kama prednisoloni na methotreksati, tumevutana wenyewe kwa wenyewe. Baadhi yetu walitaka dawa za kutuliza kinga, ili mgonjwa asiogope. Wengine walijibu kwamba jina hilo linaficha kitu, kwa kuwa dawa hizi haziteui: hupunguza nguvu ya seli zinazokosea na ya zile zinazopambana na vijidudu, na mgonjwa anayezitumia hana budi kuarifiwa juu ya homa na kikohozi. Tumeafikiana kwamba dawa za kupunguza ukali wa kinga ndilo jina la haki, maana ukali ndio uliozidi, na kupunguza ndiko kunakofanyika. Kutuliza kinga tumekuwekea akiba, kwa tiba zile zinazolenga kuzipa nguvu seli za udhibiti zenyewe. Ama zile zinazoizima TNF, tunashauri kwamba katika karatasi ya Kiswahili inayofungashwa na dawa, jina litakalotumika liandikwe katika mstari mmoja na onyo la kupima kifua kikuu kabla ya sindano ya kwanza.